Maradhi ya usahaulifu: wema kwa wazazi usisubiri uzee

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo familia nyingi zinaishi nalo lakini ni chache zinazolitaja kwa jina lake. Ni maradhi ya usahaulifu yanayowapata watu wazima, ambayo madaktari huyaita dimensia. Mitaani kwetu husemwa kwamba bibi amepiswa, au babu amerudi utotoni, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Wengine hucheka, wengine huona haya mbele ya wageni, na mzee mwenyewe huwekwa chumba cha uani asije akaleta aibu.

Lipo baya zaidi ya hilo. Katika baadhi ya maeneo ya Kilifi nchini Kenya, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wazee wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Mzee aliyepoteza kumbukumbu huweza kutoka usiku asijue anakokwenda, akazungumza peke yake, au akaingia nyumba isiyokuwa yake akidhani ni kwake. Asiyejua ugonjwa huu huuona ni ushirikina, kumbe ni ubongo wa mja uliougua na unaohitaji daktari na huruma.

Kwa hiyo kuyafahamu maradhi haya ni katika kuhifadhi nafsi za watu. Tena ni katika kuhifadhi akili, nayo akili ni moja ya mambo matano ambayo wanazuoni wetu wameeleza kwamba sheria ya Kiislamu imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tumezoea kulitaja jambo hili pale tunapokatazana ulevi. Leo tulitazame kwa upana zaidi, tujiulize ni vipi Muislamu ailinde akili yake na akili za wazazi wake zisiharibike kwa maradhi yanayoweza kuzuilika.

Uzee ni jambo moja, ugonjwa ni jambo jingine

Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl aya ya 70, inatukumbusha kwamba wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, hata mtu asijue kitu baada ya kuwa alikuwa akijua. Mtume (S.A.W.) naye katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hali hiyo, kama ilivyo katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.).

Kadhalika imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.), kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo wajitibu. Akawaelekeza watafute tiba, na akawafahamisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Hapa huenda msomaji akasema: kama uzee hauna dawa, basi na kusahau kwa wazee hakuna la kufanywa.

Jawabu lake ni kwamba dimensia si uzee wenyewe. Ni matokeo ya maradhi yanayoharibu seli za ubongo. Aina inayowapata wengi ni ugonjwa wa Alzheimer, unaochukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Umeitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu. Aina nyingine kubwa hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, kama ilivyo kwa kiharusi. Mara nyingi aina hizi mbili hukutana ndani ya mtu mmoja.

Kwamba si wazee wote wanaougua, ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa na dimensia ni takriban asilimia 6.4. Maana yake ni kwamba katika kila wazee 100, zaidi ya 90 hawakuwa na ugonjwa huu. Lau kusahau kungekuwa ndio uzee wenyewe, wazee wote wale wangekuwa wamesahau.

Hata hivyo, idadi ya wagonjwa si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya wanaokaribia milioni 10. Kadiri Mwenyezi Mungu anavyozidi kuturefushia umri, ndivyo familia zitakazokutana na mtihani huu zitakavyozidi.

Mambo yanayouharibu ubongo polepole

Ndugu msomaji, ugonjwa huu hauanzi siku mzee anaposahau jina la mjukuu wake. Madhara hujijenga ndani ya ubongo kwa miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo maana anayetaka akili yake imfae akiwa na miaka 75 yampasa aanze kuishughulikia akiwa na miaka 40, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa kimataifa lililoongozwa na Profesa Gill Livingston wa University College London lilichapisha ripoti katika jarida la Lancet. Jopo hilo lilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya wagonjwa wa dimensia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa, lau mambo 14 yangeondolewa. Mambo hayo ni elimu duni utotoni. Kisha katika umri wa makamo kupungua usikivu, mafuta mengi mabaya katika damu, sonona, majeraha ya kichwa, kutoushughulisha mwili, kisukari, uvutaji wa tumbaku, shinikizo la damu, unene uliokithiri na unywaji pombe uliopindukia. Na uzeeni upweke, hewa chafu na macho yasiyoona vizuri yasiyotibiwa.

Yatazame mambo hayo kwa makini. Umri wenyewe na urithi wa wazazi hayamo humo, kwa kuwa hayo hatuwezi kuyabadili. Yaliyomo ni yale yaliyo mikononi mwetu, na mengi yake yako ndani ya nyumba zetu.

La kwanza kwa uzito wake kwetu ni shinikizo la damu. Maradhi haya hayana kelele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kama wanayo. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi huichakaza mishipa midogo ya ubongo mwaka hadi mwaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019, ulioshirikisha watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ulionyesha kuwa wale walioteremshiwa zaidi shinikizo lao chini ya uangalizi wa madaktari walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, tofauti ikiwa ni asilimia 19. Kupima presha ni kazi ya dakika chache katika zahanati yoyote. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia mzima, kwani uzima huo huenda ni kazi ya dawa zenyewe.

La pili ni kisukari, na hili linaingia jikoni kwetu. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, maandazi asubuhi, soda mchana na vyakula vya kukaanga usiku ni mazoea tuliyoyalea wenyewe. Bahari yetu ina samaki, mashamba yetu yana mchicha, kisamvu, kunde, choroko na matunda ya kila msimu. Chumvi nayo isizidi gramu tano kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua.

La tatu ni masikio na macho. Mzee asiyesikia huchoka kuuliza mara mbili mbili, akaamua kunyamaza. Akinyamaza, watu huacha kumsemesha, na ubongo usiosemeshwa hudhoofika. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa baadhi ya wazee vifaa vya kusaidia kusikia, kisha ukawafuatilia kwa miaka mitatu. Kwa wazee wote kwa jumla tofauti haikuonekana, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua, kasi ya kudhoofika akili ilipungua kwa asilimia 48. Basi mzee anayeongeza sauti ya redio kila siku apelekwe akapimwe. Huenda ni nta tu iliyoziba sikio. Vivyo hivyo mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na anayeona huweza tena kusoma msahafu wake.

La nne ni kichwa chenyewe. Vijana wetu wanaoendesha na kupanda bodaboda bila kofia ngumu wanakiweka rehani kichwa watakachokihitaji uzeeni. La tano ni moshi, uwe wa sigara au shisha, au ule wa kuni na mkaa unaowafukiza mama zetu katika majiko yasiyo na dirisha. Anayeweza kumnunulia mama yake jiko la gesi au jiko banifu, au kumtobolea jiko lake dirisha, asilione jambo hilo kuwa dogo.

Kutembea, kujifunza na kukutana na watu

Wapo wanaodhani kwamba akishafika miaka 60 mtu hana tena la kufanya. Utafiti wa Finland unasema vinginevyo. Chini ya uongozi wa Profesa Miia Kivipelto, watu 1,260 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 77 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida wa afya. Jingine lilisimamiwa kwa miaka miwili katika chakula bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na upimaji wa presha na maradhi ya mishipa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kundi la pili lilifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili. Jambo la kuzingatia ni kwamba mambo hayo yalifanywa kwa pamoja.

Muislamu anayo mazingira mazuri ya kuyatekeleza haya akiyazingatia. Mzee anayetembea kwa miguu kwenda msikitini na kurudi anaushughulisha mwili wake, na akifika anakutana na watu wanaomjua kwa jina. Wataalamu wanashauri mtu apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea kwa haraka kiasi kwa siku tano. Anayejifunza kusoma Qur'ani akiwa na miaka 65 katika darsa la watu wazima anaitaka radhi ya Mola wake, na wakati huo huo anaipa akili yake kazi mpya.

Lakini tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba mwenye kuswali hapatwi na maradhi haya. Wamepatwa nayo watu wa ibada na watu wa elimu, na kupatwa si dalili ya upungufu wa imani. Tunachosema ni kwamba tusiikose faida iliyo mlangoni petu, na wala ibada isifanywe sababu ya kuacha dawa. Mwenye kisukari au presha amwone daktari wake kabla ya Ramadhani, na kwa asiyeweza kufunga sheria imekwisha kumwekea nafuu yake.

Tena tuwakumbuke zaidi mama zetu. Mwanamume mzee hupata baraza ya kukaa na wenzake kuzungumza. Mama mjane aliyeachwa nyumbani na wanawe waliohamia mjini huweza kumaliza siku nzima bila kuzungumza na mtu. Simu ya dakika tano kila jioni, darsa la akina mama, na kumwomba atufundishe upishi au ususi wa mkeka anaoujua ni dawa ya upweke isiyouzwa dukani.

Na yale yanayouzwa yatazamwe kwa tahadhari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri watu kutumia vidonge vya vitamini B wala E, wala virutubisho vya kuchanganywa, kwa lengo la kuzuia dimensia. Anayewauzia wazee wetu chupa akidai inarudisha kumbukumbu anawauzia matumaini kwa fedha zao.

Dalili za kuangaliwa

Kila mtu husahau. Anayesahau alipoweka funguo, kisha akakumbuka baadaye, hana la kuhofia. La kuangaliwa ni pale mtu anapouliza swali lile lile mara nyingi kwa muda mfupi. Anapopotea njia aliyoipita miaka yote. Anapoacha chungu motoni mara kwa mara. Anapochanganya hesabu za fedha alizokuwa akizimudu. Anaposwali adhuhuri kisha akaamka kuiswali tena na tena. Au anapoficha vitu vyake akawashutumu wanawe kwa wizi. Kubadilika tabia, mtu mpole akawa mkali au mchangamfu akajitenga, nako ni dalili.

Mzee wa namna hii apelekwe hospitali, kwa sababu kusahau kwingine kunatibika. Madaktari huangalia upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, sonona, kaswende, virusi vya Ukimwi, na dawa anazotumia ambazo huenda ndizo zinazomchanganya. Na iwapo mzee amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, kiharusi, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Asicheleweshwe kwa kutafutiwa mchawi.

Ikiwa kweli ni dimensia, ijulikane kwamba hadi leo hakuna dawa ya kuiponya kabisa. Lakini yapo mengi ya kumpunguzia mgonjwa taabu. Huko Hai tulikokutaja, wazee wenye dimensia walikusanywa katika vikundi vya mazungumzo, michezo na kazi ndogo ndogo za kuchangamsha akili, na hali zao zilipata nafuu. Haya yalifanyika kijijini, bila mitambo ya gharama.

Wajibu wa familia

Surat Al-Israa aya ya 23 imetukataza hata neno dogo la kuudhika mbele ya wazazi waliofikia uzee tukiwa nao. Amri hiyo hupata uzito wake kamili pale mama anapouliza kwa mara ya kumi leo ni siku gani. Usibishane naye, wala usimwambie kwamba amekwisha kuuliza. Mjibu kama kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mpe kazi anayoimudu, kama kuchambua mchele au kukunja nguo. Mwekee utaratibu mmoja wa siku, taa ya usiku, na mlango usiomruhusu kupotea. Msomee sura alizozihifadhi utotoni, kwani mara nyingi yale ya zamani hubaki baada ya mapya kutoweka. Na akikosea hesabu ya rakaa asikemewe, kwa kuwa aliyeondokewa na akili ameondolewa wajibu huo.

Mara nyingi mzigo wa kumwangalia mgonjwa huangukia kwa binti mmoja au mke wa mtoto, huku ndugu wengine wakituma salamu tu. Hiyo si haki. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumtunzi mzee. Wagawane zamu, na aliye mbali atoe fedha, ili anayekesha apate usiku wa kulala.

Mwisho ni mali. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqara imeeleza kwamba mwenye deni akiwa na upungufu wa akili au dhaifu, basi msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Haifai mzee asiyejua anachokifanya kuwekwa mbele ya hati ya shamba akatia dole gumba. Madeni, amana na wasia viandikwe mapema, mbele ya mashahidi, wakati akili bado ni timamu. Kufanya hivyo kunamlinda mzee, na kunawalinda watoto wasigombane juu ya kaburi lake.

Ndugu msomaji, huenda wazazi wako wako hai na akili zao ni timamu. Basi usisubiri wafikie kukusahau ndipo uanze kuwatumikia. Wapeleke wakapimwe presha na sukari mwezi huu, wachunguzwe masikio na macho, kisha nawe ukae kwenye kiti hicho hicho upimwe, kwa sababu wanao watauhitaji ubongo wako kama unavyouhitaji wa wazazi wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie umri wenye manufaa, azihifadhi akili zetu na za wazazi wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi Tawfiq.